Amana ya Diski Mbili

Katika mambo ambayo mwanadamu hukabidhiwa na mwenzake, ni machache yaliyo mazito kuliko kumbukumbu, kwa kuwa fedha ikipotea huweza kutafutwa nyingine, na nyumba ikianguka huweza kujengwa tena, ama maandishi ya mkono wa mtu aliyekwisha fariki, au sauti yake iliyonaswa alipokuwa hai, yakitoweka hayana badala. Nimefanya kazi ya ufundi wa kompyuta kwa miaka mingi katika mwambao huu wetu, na katika kazi zote nilizopata kuzishika, iliyonifunza zaidi ni ile ya kutafuta sababu ya hitilafu katika kompyuta moja iliyokuwa na diski mbili zilizofungwa ziakisiane, yaani kila kinachoandikwa katika moja kiandikwe papo hapo katika ya pili. Napenda kuisimulia kazi hiyo kwa utaratibu wake, maana naamini mafunzo yake yanamfaa kila mtu aliyeweka ndani ya kompyuta kitu asichoweza kukipata tena, akastarehe kwa kuwa aliambiwa kwamba kiko mahali pawili.

Kwanza ni vyema asili ya jambo lenyewe ijulikane. Diski ya kwanza ya kompyuta kuingia sokoni ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956; ilikuwa rundo la sahani 50, kila moja ina kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi kwa picha chache za simu ya mkononi. Ukubwa umepungua na nafasi imeongezeka mara nyingi mno, walakini msingi wa diski za aina hiyo haukubadilika: sahani huzunguka kwa kasi, kichwa kidogo huelea juu yake bila kuigusa, na kila kinachozunguka mwisho wake ni kuchakaa. Mwaka 1988 wanazuoni watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala wakieleza kwamba diski ndogo nyingi za bei nafuu, zikiunganishwa kwa mpango, zaweza kushika nafasi ya diski moja kubwa ya ghali, na wakazitaja daraja za muungano huo ambao mafundi hata leo huuita RAID.

Daraja ya kwanza katika hizo ndiyo ya kuakisi, nayo ilikuwa ikitumika hata kabla ya makala hayo kuandikwa. Mfano wake ni makarani wawili walioketi mbele ya msomaji mmoja, kila mmoja na daftari lake, wakiandika imla ile ile. Akiugua mmoja, kazi haisimami, kwa kuwa daftari la mwenzake lina kila neno. Uzuri wa mpango huo ni dhahiri, ilhali udhaifu wake umejificha: hakuna katika makarani hao anayelisoma daftari la mwenzake, wala anayerudi nyuma kuutazama ukurasa alioandika mwaka jana, na kama wino wa ukurasa huo umefifia, hakuna atakayejua mpaka siku utakapohitajiwa.

Ofisi niliyoitwa ilikuwa katika Mji Mkongwe wa Unguja, na shughuli yake ilikuwa kupiga picha hati za zamani zilizomo mikononi mwa familia, kama vile hati za wakfu, mikataba ya mashamba ya mikarafuu na barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kadhalika kuhamisha sauti za wazee kutoka katika kanda zilizoanza kuoza. Mkuu wake alikuwa mzee mwanachuoni, mpole wa maneno na mkali wa kazi, ambaye sote tulimwita Maalim. Picha na sauti zote hizo zilikaa katika seva moja yenye diski mbili za gigabaiti 500 kila moja, zikiakisiana kwa programu ya mfumo wa Linux, nayo iliwekwa na fundi aliyekuwa amekwisha kuhama kisiwani.

Ikumbukwe kwamba wakati huo Unguja ilikuwa imetoka katika mtihani mkubwa. Mnamo Disemba 2009 njia ya umeme uletwao kutoka bara kwa kupitia chini ya bahari iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa bila umeme huo hadi Machi 2010. Katika miezi hiyo mwenye jenereta hakukosa matatizo, na asiyekuwa nayo hakuwa na cha kufanya. Ofisi ya Maalim ilikuwa na jenereta ndogo, ikiwashwa asubuhi na kuzimwa alasiri, kwa kuwa mafuta yalikuwa ghali na fungu la fedha lilikuwa dogo. Umeme uliporudi, ndipo nilipoitwa.

Nilimkuta Maalim amekaa karibu na dirisha, pamoja naye kijana wa ofisi aliyesomea kompyuta na kuijua vyema kwa umri wake. Nikamwamkia: "Shikamoo, Maalim." Akaitika: "Marahaba, mwanangu, karibu. Chombo hiki kinakwenda, lakini kinasitasita, nami sina imani na kitu kinachosita." Nilipofungua taarifa ya muungano wa diski, jambo lilikuwa wazi: mahali palipopaswa kuonekana herufi mbili za U, kila moja ikishuhudia uzima wa diski yake, palikuwa na U moja na kistari. Muungano ulikuwa umeitenga diski moja tangu Januari, na tangu hapo kazi yote ilikuwa imebebwa na diski moja peke yake. Programu haikunyamaza, ilikuwa imeandika barua ya onyo, walakini barua hiyo ilitumwa katika sanduku la ndani ya kompyuta ile ile, na hapakuwa na mtu mwenye desturi ya kulifungua.

Kijana akasema dawa ni nyepesi: diski iliyotengwa ing'olewe, itiwe mpya, na muungano uachwe ujijenge upya, yaani kila kilichomo katika diski iliyobaki kinakiliwe katika mpya. Hiyo ndiyo njia iandikwayo katika vitabu vingi vya mwongozo, na aghalabu hufaulu. Maalim akamwuliza: "Hii iliyobaki, mmejuaje kuwa ni nzima?" Kijana akajibu kwa adabu: "Inajibu, Maalim, kila faili tunaloliomba inatupa." Mzee akasema: "Mmeomba mafaili ya wiki hii. Ya miaka iliyopita je? Sisi tukinakili kitabu hatukiiti nakala mpaka kisomwe mbele ya asili yake, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole, neno kwa neno, hadi mwisho." Maneno hayo, yaliyotoka kwa mtu ambaye hakupata kusoma hata sura moja ya elimu ya kompyuta, yalikuwa na ujuzi wa diski kuliko miongozo yote niliyokuwa nimeisoma, na kazi iliyofuata ilikuwa ni kuyafuata tu.

Tulianza kwa kuandika kabla ya kugusa. Mfumo huziita diski kwa majina kama sda na sdb, lakini majina hayo si ya kudumu. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, au waya ukihamishwa tundu, jina la moja laweza kuhamia kwa nyingine, na wako mafundi waliong'oa diski nzima wakaiacha mbovu kwa kulitegemea jina. Kisichobadilika ni namba ya kiwanda iliyochapwa juu ya kila diski, ambayo pia husomeka kwa programu. Tukaandika katika karatasi namba ya kila diski, tundu lake na hali yake, na tukabandika kibandiko juu ya iliyotengwa. Baada ya hapo tukachomeka diski ya nje, na kabla ya kufanya tiba yoyote tukaanza kunakili kila faili lililokuwamo, kwa sababu muungano uliobakiwa na mguu mmoja bado unasomeka, na saa ya kuchukua kilichopo ni ile ambayo bado kipo.

Nakala ilikwenda vyema mpaka ikafika katika folda moja ya mwaka 2006, na hapo ikasimama. Picha ya hati moja ya wakfu ilikataa kusomeka. Tulipotazama taarifa za afya ambazo kila diski hujiwekea yenyewe, na mafundi huziita SMART, tukaona kwamba katika diski iliyobaki, ile iliyodhaniwa kuwa nzima, hesabu namba 197, inayotaja sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizoshindwa kusomeka na zinazongoja hukumu, haikuwa sifuri. Basi diski iliyokuwa ikijibu kila siku ndiyo iliyokuwa na maradhi. Ila maradhi yake yalikuwa katika ukurasa usiofunguliwa na mtu kwa muda mrefu.

Ile iliyotengwa nayo ilikuwaje? Hesabu yake namba 5, ya sekta zilizokwisha badilishwa kwa ubovu, ilikuwa sifuri, na 197 pia ilikuwa sifuri. Iliyokuwa kubwa ni namba 199, nayo huhesabu makosa yanayotokea habari zinapopita katika waya baina ya diski na kompyuta. Hesabu hiyo ikipanda, aghalabu kosa si la sahani bali ni la njia. Tulipochomoa waya tukakuta vishikizo vyake vimeingia kutu ya kijani, kama ilivyo kawaida ya shaba katika hewa ya chumvi ya nyumba zilizoikabili bahari. Tukatia waya mpya, tukaisomesha diski ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na hesabu namba 199, ambayo kwa tabia yake hairudi nyuma hata sababu ikiondoka, ikabaki pale pale bila kupanda. Diski ilikuwa imehukumiwa kwa kosa la waya.

Hapa ndipo ilipo thamani ya utaratibu. Lau diski ile ingetupwa siku ya kwanza kwa kudhaniwa kuwa mbovu, picha ya hati ya wakfu ingetupwa pamoja nayo. Na lau ingerudishwa katika muungano kwa haraka ili ijazwe upya kutoka kwa mwenzake, ujenzi ungeanza kuandika juu yake mara moja, kisha ungefika katika sekta isiyosomeka ukakatika, au kwa programu nyingine ungeiruka na kuacha pengo mahali palipokuwa na maandishi kamili. Zipo pia kompyuta ambazo kazi ya kuakisi hufanywa na mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, yenyewe, nazo humwuliza fundi achague ipi iwe asili na ipi iwe nakala. Akijibu kinyume, yaliyopitwa na wakati hufuta ya leo, na chombo hutii amri hiyo bila kupinga. Kwa hiyo diski iliyotengwa tuliifungua katika kompyuta nyingine, kwa ruhusa ya kusoma tu na bila ruhusa ya kuandika, na kwa kuwa ilikuwa imetengwa Januari ilhali picha ni ya mwaka 2006, tukaikuta picha yote, haikupungua kitu.

Maalim hakuridhika kwa kuiona imefunguka. Alikuwa amekwisha kuinakili hati ile kwa mkono wake katika daftari, basi akalitoa daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kutoka bismillahi hadi majina ya mashahidi, na yule kijana akafuata kwa kidole juu ya skrini. Walipomaliza mzee akasema: "Sasa ni nakala." Baadaye kijana huyo alitunga orodha ya muhtasari wa tarakimu wa kila faili, ambao hubadilika hata herufi moja tu ikibadilika, ili kompyuta yenyewe iweze kulinganisha maelfu ya mafaili kwa namna ile ile ambayo mzee alilinganisha hati moja.

Tulipotafuta kwa nini ugonjwa ule haukugunduliwa mapema, jibu lilikuwa na ibra ndani yake. Mfumo uliowekwa katika seva ile, ambao ni Linux ya aina ya Debian, wakati huo ulikuja na mpango wa kuzisoma diski zote mbili kikamilifu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, muda mfupi kabla ya saa saba za usiku. Ikikutwa sekta isiyosomeka upande mmoja, huchukuliwa kutoka upande wa pili na kuandikwa upya, na hitilafu huisha bila ya mtu kuhisi. Lakini ofisi ile, tangu kabla ya miezi ya giza, ilikuwa na desturi ya kuzima kompyuta kila alasiri kwa kuuhurumia umeme, na saa saba za usiku hapakuwa na chombo kinachowaka. Mlinzi aliwekwa, wakati wake wa kulinda ukapangwa, na kila wakati ulipofika alikuwa amefungiwa nje. Tuliuhamisha ukaguzi huo ufanyike mchana wa siku ya kazi, na barua za onyo tukazielekeza katika anwani ambayo Maalim na kijana wake huisoma kila siku.

Yaliyobaki katika ukarabati yalikuwa madogo kwa ukubwa, ila kila moja lingeweza kumwangusha asiye na hadhari. Diski mpya iliyoletwa kutoka Dar es Salaam ilikuwa nayo ya gigabaiti 500, na diski za kipimo hicho kwa kawaida huwa na sekta 976,773,168. Lakini ilipotiwa ndani ya seva ikaonekana pungufu kidogo, kwa kuwa mazabodi za aina fulani za miaka ile zilikuwa na tabia ya kuficha sehemu ya mwisho ya diski ili kuweka humo akiba ya programu yao ya kuwashia, na diski iliyo pungufu hata kwa sekta moja haiwezi kuakisi iliyo kubwa kuliko yenyewe. Tangu hapo sijengi muungano kwa kutumia diski nzima. Hutenga sehemu iliyo ndogo kidogo kuliko diski, ili itakayokuja baadaye ipate nafasi.

Jambo la pili lilikuwa la kuwasha. Tulipomaliza kuujenga muungano mpya kwa diski mpya na ile iliyosafishiwa jina, tuliichomoa moja kwa makusudi ili tuone kama kompyuta itaamka kwa iliyobaki, nayo haikuamka, maana programu ya kuwashia ilikuwa imeandikwa katika diski ya kwanza peke yake. Tukaiandika katika zote mbili, tukajaribu tena kwa kuchomoa kila moja kwa zamu yake, ndipo tukaridhika. La tatu ni la subira. Diski za kawaida za mezani, zikikuta sekta ngumu, huweza kung'ang'ana nayo kwa dakika moja au zaidi, ilhali mfumo wa Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuona kwamba diski haijibu, na hapo diski yaweza kutengwa kwa kosa la sekta moja. Diski zinazokubali kuamriwa ziache kung'ang'ana baada ya sekunde 7 ni bora kwa kazi hii, na zisizokubali ni afadhali mfumo ndio uongezewe muda wa kusubiri.

Kutokana na hayo nilipata itikadi ambayo sijaiacha hata leo. Katika kazi ya kuakisi diski, anayeogopewa na watu ni diski iliyokufa, lakini kifo cha diski hujulisha nafsi yake. Wa kuogopewa zaidi ni diski iliyo hai isiyosomwa, kwa sababu ubovu wake hudhihirika siku ile ile ambayo mwenzake ameondoka na yote yanaitegemea yenyewe. Ujenzi upya wa muungano ni mtihani wa diski iliyobaki kuliko ulivyo wa diski mpya, kwa kuwa ndiyo inayotakiwa isomwe yote bila kusaza, pengine kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Aula mtihani huo ufanywe kila mwezi wakati diski zote mbili ziko hai na moja yaweza kumsahihisha mwenzake, kuliko kuungoja siku ya msiba.

Tena kuakisi si kuhifadhi nakala ya akiba, na wanaovichanganya viwili hivi wamepata hasara kubwa. Mkono ukifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kirusi kikiharibu upande mmoja, wa pili hutii uharibifu huo neno kwa neno. Na mwizi aichukuaye kompyuta, au moto uunguzao chumba, haubagui baina ya diski ya kwanza na ya pili. Kuakisi kunalinda kazi isikatike, na nakala ya akiba inalinda kumbukumbu isipotee. Ndiyo sababu ile diski ya nje, iliyotuokoa kwa kutuonyesha ugonjwa kabla hatujaanza tiba, haikurudishwa kabatini. Kila wiki ilipokea mafaili mapya, kisha ikapelekwa kulala katika nyumba nyingine ya mtaa wa mbali.

Nawaomba, basi, wote walio na amana za namna hii, wawe ni watunzaji wa kumbukumbu za misikiti na makanisa, walimu wa skuli, wenye maduka, au wazazi wenye picha za watoto wao, wafanye mambo manne wiki hii. Watazame kama diski zote mbili bado zimo katika muungano. Wahakikishe kwamba onyo likitoka litamfikia mtu mwenye macho ya kulisoma. Waiamuru kompyuta isome diski zote tangu mwanzo hadi mwisho, saa ambayo kweli inawaka. Na wachukue faili moja la zamani kutoka katika nakala ya akiba, walifungue na walisome. Kazi yenyewe aghalabu haizidi siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo ni ya kompyuta kufanya kazi na mtu kusubiri. Asiyeifanya ana diski mbili, lakini hawezi kusema kwa yakini kwamba ana nakala hata moja.